Meza Iliyojaa, Uso Mmoja au Mikate ya Kutoka Sokoni: Njia Tatu za Kuchora Wachuuzi na Chakula

Umeamua kuchora muuza samaki. Turubai iko tayari, rangi zimekamuliwa, na bado mkono hauendi. Mara nyingi kinachokwamisha si brashi. Hujaamua jicho la mtazamaji litue wapi kwanza: kwenye samaki, kwenye mkono uliomshika samaki, au kwenye uso wa anayeuza.

Ukilikwepa swali hilo, utachora kila kitu kwa nguvu ileile. Najua kwa sababu nimefanya hivyo. Nilikaa miezi miwili na picha ya muuza mboga. Kila karoti ilikuwa na mikwaruzo yake, kila jani la kabichi na mishipa yake, na mama wa watu aliyesimama nyuma ya meza akabaki kama mti wa kutundikia nguo. Picha ilikuwa na vitu vingi na haikuwa na mtu.

Walioshughulika na uhalisia wa sokoni na jikoni kabla yetu walilijibu swali hili kwa namna tofauti, na majibu yao yanaweza kutumika kama njia za kuchagua. Nimechukua matatu na kuyapa majina ya miji: njia ya Antwerp, njia ya Seville na njia ya Paris. Hakuna hata moja iliyo bora kwa kila mtu. Mimi mwenyewe nimezihama mara mbili.

Vigezo vya kupimia

Nimezipima kwa mambo matano. Kwanza, picha ni ya nani, chakula au mtu. Pili, mwanga unaohitajika. Tatu, unachopaswa kuwa nacho mbele yako unapochora. Nne, muda, pamoja na ukweli kwamba chakula huoza. Tano, kosa linalomnyemelea kila anayeifuata njia hiyo. Kigezo cha kwanza ndicho kizito, na ndiyo maana nitakaa nacho zaidi. Ukishakijibu, vingine vinne karibu vinajipanga vyenyewe.

Njia zenyewe kwa ufupi

Antwerp ni jiji lililo katika Ubelgiji ya leo. Huko ndiko Pieter Aertsen, mzaliwa wa Amsterdam, alikofanya kazi kwa miaka mingi, na mwaka 1551 akachora banda la nyama. Kichwa cha ng'ombe kilichochunwa kimewekwa mbele kabisa, jicho lake likikutazama, na kukizunguka kuna kichwa cha nguruwe, soseji na samaki. Picha hiyo imehifadhiwa na Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden. Joachim Beuckelaer, ambaye mke wa Aertsen alikuwa shangazi yake, aliiendeleza njia hiyo. Mwaka 1569 na 1570 alichora picha nne za ardhi, maji, hewa na moto, yaani soko la mboga, soko la samaki, soko la ndege na jiko. Zote nne ziko National Gallery, London, na kila moja ina upana unaopita mita 2.

Seville ya Hispania ndiko alikozaliwa Diego Velázquez mwaka 1599. Kabla hajawa mchoraji wa mfalme alichora watu wa kawaida na vyombo vyao, aina ya picha ambayo Wahispania waliita bodegón. Mwaka 1618, akiwa kijana wa miaka 18 au 19, alimchora mwanamke mzee akipika mayai, picha iliyoko Edinburgh. Miaka miwili hivi baadaye akamchora muuza maji, na huyo yuko Apsley House, London.

Paris ni ya Jean-Siméon Chardin, aliyeishi kati ya 1699 na 1779. Akademia ya Kifalme, chama rasmi cha wachoraji na wachongaji wa Ufaransa, ilimpokea mwaka 1728 kama mchoraji wa wanyama na matunda, cheo ambacho wakati huo kilihesabiwa kuwa cha chini. Miaka kumi baadaye alichora mwanamke aliyerudi kutoka sokoni, akairudia picha hiyo zaidi ya mara moja. Nakala ya 1739 iliyoko Louvre, jumba la makumbusho la Paris, ina kimo cha sentimita 47 tu. Hakuna mchuuzi wala meza ya biashara. Soko limo ndani ya mikate na nyama ambavyo mwanamke huyo amevileta.

Picha ni ya nani

Antwerp inasema waziwazi kwamba picha ni ya chakula. Katika banda la nyama la Aertsen watu ni wadogo na wamesukumwa nyuma. Ukichungulia katikati ya nyama utamwona Mariamu akiwa safarini kwenda Misri, akimpa mwombaji mkate. Kisa kitakatifu kimegeuzwa kitu cha kutafutwa, na kichwa cha ng'ombe kimepewa kiti cha mbele. Beuckelaer alifanya vivyo hivyo kwenye soko lake la samaki. Mbele kuna aina 12 za samaki, na kwa mbali kabisa Yesu na wanafunzi wake wako kwenye muujiza wa uvuvi. Hata hivyo Beuckelaer aliwasogeza wachuuzi karibu kuliko Aertsen. Wamesimama katikati ya mali yao, na mikono yao ndiyo inayotuongoza kutoka kapu hadi kapu. Ukiifuata njia hii, mchuuzi anakuwa sehemu ya meza yake. Usilione hilo kuwa dharau moja kwa moja. Mtu anayeshinda nyuma ya meza ya biashara mara nyingi hujulikana kwa wingi wa alichopanga, na mpangilio wake ni kazi ya mikono yake.

Seville haikubali kuchagua. Uso na chungu vinapewa uzito uleule, na hapo ndipo penye ugumu wake wote. Msogelee yule mwanamke mzee. Ute wa yai umeanza kuwa mweupe pembeni, ule utando mwembamba unaotokea kati ya ubichi na uivu, na kijiko chake kimesimama juu ya chungu kana kwamba kuna jambo limemkatiza. Yai lingine limo mkononi. Mbele yake kuna bakuli jeupe, kisu kimelazwa juu yake, na kivuli cha kisu kimepinda kufuata tumbo la bakuli. Kivuli hicho kilichopinda kina somo kubwa la kuchora kuliko kurasa nyingi za mafundisho. Mvulana aliye pembeni ameshika tikiti na chupa ya kioo, na hawatazamani na mzee huyo. Kila mmoja yuko kivyake ndani ya chumba kimoja, kama ilivyo jikoni watu wanapokuwa na kazi.

Kwa muuza maji ni hivyohivyo. Mtungi mkubwa umewekwa karibu nasi kuliko mwenyewe, na matone ya maji yanautelemka. Anampa mvulana bilauri, na ndani ya bilauri, chini kabisa, kuna tini. Shati lake la juu limechakaa, uso wake umechomwa na jua, na bado amesimama kama mtu mwenye cheo. Velázquez hakumtia huruma usoni. Heshima ya mzee huyo imetokana na namna mtungi wake ulivyochorwa vizuri: mtu mwenye chombo kama hicho ni fundi wa kazi yake.

Paris inaipa picha dakika moja ya siku. Yule mwanamke wa Chardin ameegemea kabati, mikate ameshaitua, nyama bado inaning'inia mkononi ndani ya kitambaa, na kichwa amekigeuza upande. Nyuma, mlangoni, msichana mwingine anazungumza na mtu aliye nje. Tunamkuta katika pumzi ile ya kwanza baada ya kutua mzigo. Hapa picha ni ya mwili uliochoka kidogo. Chakula kipo, tena kimechorwa kwa upendo, lakini kazi yake ni kutuambia alikotoka.

Mwanga

Antwerp inataka mwanga ulioenea, kama wa siku ya mawingu, kwa sababu kila kitu lazima kionekane. Vivuli ni vifupi, na rangi za vitu ndizo zinazovitenganisha. Ukichora nje, au chini ya turubai la kivuli linalochuja jua, umeupata mwanga huo bure.

Seville inataka chanzo kimoja, kikali, kutoka upande mmoja, na nyuma kuwe na giza. Dirisha moja na pazia zito vinatosha. Wasiokuwa na studio hupata nafuu hapa: kona ya chumba inaweza kuwa Seville nzima.

Mwanga wa Paris ni wa upande pia, ila ni laini na umezunguka chumbani kabla ya kufika kwenye kitu. Kingo za vitu hazikatiki, zinayeyuka. Denis Diderot, mwandishi Mfaransa wa wakati huo aliyekuwa akiziandikia picha za Chardin kwa mshangao, alieleza kwamba ukisogea karibu kila kitu kinavurugika na kupotea, na ukirudi nyuma kinajiumba upya. Hilo hutokea kwa sababu Chardin alipanga mabaka ya rangi nzito pembenipembeni bila kuyasugua hadi yalainike, na jicho la mtazamaji ndilo linaloyaunganisha.

Niseme jambo kuhusu picha za simu. Kamera ya simu huung'arisha upande wa giza ili kila kitu kionekane, kwa hiyo hukupa Antwerp hata pale ulipokuwa umesimama Seville. Ukichora kwa kutegemea picha ya simu peke yake, njia ya kwanza itakusamehe. Ya pili na ya tatu hazitakusamehe. Na ukimpiga mchuuzi picha, muombe ruhusa kwanza. Aliyeridhia huendelea na kazi yake kama kawaida, na mkao wa kawaida ndio unaoutaka.

Unachohitaji mbele yako

Kwa Antwerp unahitaji daftari nene. Huwezi kuwa na soko zima mbele yako kwa majuma, kwa hiyo unachora kitu kimojakimoja siku mbalimbali, samaki leo, kikapu kesho, mkono unaopima mizani keshokutwa, kisha unapanga. Njia hii inamfaa sana mwenye nafasi ndogondogo za muda. Daftari likishajaa, lina picha kumi ndani yake.

Kwa Seville unahitaji mtu. Francisco Pacheco, aliyemfundisha Velázquez na kisha kuwa baba mkwe wake, aliandika kwamba kijana huyo alikuwa akimlipa mvulana wa shambani amkalie kwa mikao mbalimbali, mara akilia, mara akicheka. Vyombo havihitaji kuwa vingi. Ukizitazama picha zake za wakati ule utaona kwamba vyombo vya aina zilezile vinarudi, na hata mzee anayefanana sana na yule wa mayai yuko katika picha nyingine ya jikoni ya 1618. Mtungi mmoja, kinu kimoja, kisu na bakuli vinaweza kukuhudumia miaka mitatu. Mtu mvumilivu ndiye adimu. Mtafute kabla ya kununua rangi.

Paris inahitaji vitu vitatu au vinne na nafasi ya kurudi nyuma hatua kadhaa. Chardin hakuacha michoro mingi ya maandalizi. Alipendelea kukikabili kitu chenyewe. Ukitaka kumweka mtu, mmoja anatosha, na si lazima akae saa nzima, kwani uso wake hautakuwa na maelezo mengi.

Muda, na samaki anayenuka

Jicho la samaki hupauka kabla rangi yako haijakauka. Niliwahi kupanga meza ya kupendeza, samaki watatu juu ya majani, nikaanza kwa kuchora ubao wa meza kwa sababu ndio uliokuwa rahisi. Siku ya pili samaki walikuwa wamezama matumbo, na siku ya tatu majirani walikuwa wanauliza maswali. Siku hizi naanza na kinachokufa haraka: samaki na nyama, kisha majani, kisha matunda laini. Vitunguu, maboga na mikate mikavu vinasubiri mpaka mwisho.

Antwerp ndiyo inayomeza muda mwingi kwa jumla, ingawa muda huo unagawanyika vizuri. Ukiwa na akriliki, rangi ya kuchanganywa na maji inayokauka kwa dakika, unaweza kumaliza kabichi jioni moja na kulala. Seville inakula saa za mtu mwingine, na hizo hupati nyingi. Kwa hiyo uso unachorwa kwanza ukiwa na mtu, na vyombo baadaye ukiwa peke yako. Rangi ya mafuta inafaa hapa, kwa sababu unaweza kurudi siku inayofuata na kulainisha kivuli cha shavu kikiwa bado kibichi. Ukipaka kwa matabaka, tabaka la juu liwe na mafuta zaidi kuliko la chini yake. Ukigeuza, la juu litakauka kabla ya la chini na picha itapasuka.

Paris haina haraka. Chardin alisifika kwa polepole yake, na uzeeni, macho yalipomsumbua, alihamia pasteli, yaani vijiti vya rangi kavu, na kuchora nyuso kwa namna ambayo haikupungua chochote. Ukiwa na macho yanayochoka, zingatia habari hiyo: njia hii inategemea zaidi kupima rangi moja dhidi ya jirani yake kuliko kuona kila unywele. Akriliki haiipendi njia hii, kwa sababu kingo hukauka kabla hujaziyeyusha.

Kosa linalokunyemelea

Wa Antwerp huishia kwenye bango la duka. Kila kitu kimekamilika, hakuna kinachoongoza. Dawa yake ni kuchagua kitu kimoja kiwe kichwa cha ng'ombe, kikubwa na cha mbele kuliko vyote, na kuvipunguza vingine makusudi. Kuna kosa la pili, baya zaidi. Njia hii ilipoenea, baadhi ya wachoraji waliwafanya wachuuzi vichekesho, midomo wazi, mashavu mekundu, utani wa matusi uliofichwa kwenye kuku na matango. Tazama usifanye hivyo bila kujua. Mchuuzi anayecheka hadi meno yote yaonekane huwa anamchekesha mnunuzi wa picha.

Wa Seville huficha udhaifu gizani. Asichoweza kuchora anakizamisha kwenye hudhurungi, na mwishowe picha nzima inakuwa tope. Jipime hivi: ukiweza kumweleza mtu kilichomo ndani ya giza lako, giza hilo ni halali. Kwa muuza maji wa Velázquez yumo mtu wa tatu kivulini, anakunywa. Hajachorwa sana, lakini yumo.

Wa Paris hulainisha mpaka mifupa inapotea. Mkate unakuwa wingu. Chardin aliweza kuyeyusha kingo kwa sababu uzito wa kitu alikuwa ameshaujenga, na ile nyama ndani ya kitambaa inavuta mkono chini kweli.

Na umati je?

Wapo watakaouliza soko lenyewe liko wapi, msukumano, sauti, mizigo kichwani. Mchoraji Mfaransa Léon Lhermitte alijaribu. Picha yake ya 1895 ya soko kuu la chakula la Paris, Les Halles, iko Petit Palais, jumba la makumbusho la jiji hilohilo, na ina urefu wa zaidi ya mita 6 kwa kimo cha mita 4. Sijaiweka kwenye ulinganisho kwa sababu ni kazi ya mtu aliyekuwa ameshachora wafanyakazi kwa mkaa kwa miaka mingi. Ukivutwa na umati, anza na mkaa na karatasi, watu wawiliwawili, na turubai kubwa itasubiri.

Kwa hali yako

Kama unapenda vitu kuliko unavyopenda kuchora nyuso, na muda wako unakuja vipandevipande, chukua Antwerp. Inamfaa pia anayetoka kwenye michoro ya matangazo au ya vitabu, kwa sababu macho yake yameshazoea kupanga vitu vingi mahali pamoja.

Kama kuna mtu anayekubali kukukalia, awe bibi yako au rafiki anayeuza matunda, na una dirisha moja, chukua Seville. Ni njia ngumu kwa anayeanza, ila inafundisha haraka. Picha moja iliyoshindikana huku itakuonyesha udhaifu wako wote kwa siku moja.

Kama unaona haya kuwachora watu usiowajua, Paris inakuruhusu kuchora soko bila kwenda sokoni. Inawafaa pia wenye nafasi finyu, kwa kuwa sentimita 40 za turubai zinatosha.

Kama umeagizwa picha ya kutundikwa ukumbi wa chakula, mteja wako karibu kila mara anaiwaza Antwerp hata kama hajui jina lake. Mwonyeshe mchoro mdogo wa kila njia kabla ya kukubaliana.

Na kama bado huwezi kuamua, nunua yai moja na uazime bakuli jeupe. Liweke dirishani na ulichore mara tatu: kwa mwanga wa mawingu, kwa pazia lililofunguliwa nusu, na kwa mwanga uliogonga ukuta kwanza. Ile utakayotaka kuirudia kesho yake ndiyo ya kuanzia.